Mita Inamjua Mwenye Nyumba, Haimjui Anayepika

Mama Mkubwa wangu ana miaka 74. Amepanga chumba kimoja Manzese, nyumba ya wapangaji saba wanaogawana bomba moja la maji, choo kimoja na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Jioni moja alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua mchele. Mtungi wa kilo 6 ulikuwa umeletwa muda si mrefu na kijana wa bodaboda, akafunga regulata harakaharaka, akachukua hela yake akaondoka. Kiberiti kilikuwa juu ya mkeka, karibu na goti la Mama Mkubwa. Binti wa chumba cha pili akapita na ndoo ya maji, akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Mama, mbona gesi inanuka?"

Mama Mkubwa akamwangalia tu. Yeye hakusikia harufu yoyote. Pua yake iliacha kufanya kazi tangu alipougua miaka kadhaa nyuma, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya pua yake. Duka lililouza mtungi halikumuuliza, kijana aliyeuleta hakumuuliza, na mimi mwanawe niliyemnunulia hilo jiko sikumuuliza pia. Binti akatua ndoo, akafunga koki ya mtungi, akabeba kiberiti akakitoa nje. Mchele ulipikwa kwa mkaa siku ile.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo tunaoujua, kama wa yai viza, huongezwa makusudi kwa kemikali za jamii ya merkaptani ili mtu ajue kuna mahali panavuja. Maana yake ni kwamba ulinzi wa kwanza wa gesi nyumbani umekabidhiwa pua ya mteja. Asiyenusa hana ulinzi huo, na wazee wasionusa ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu uwezo wa kunusa hupungua na umri, na wengine waliupoteza kwa Uviko. Kampuni ikibandika karatasi ya maelekezo kwenye mtungi, imezungumza na mtu anayenusa na anayesoma. Mama Mkubwa hakuwa kwenye mazungumzo hayo.

Nimelileta hili sasa kwa sababu Dar es Salaam inaingia kwenye gesi kwa namna ambayo haijawahi kuingia. Gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka thelathini, na mwaka 2004 ikafika Ubungo kwa bomba la kama kilomita 232 kwenda kuzalisha umeme. Oktoba 2015 likazinduliwa bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara. Kwa muda wote huo mteja wa gesi ya bomba alikuwa mtambo wa umeme, au kiwanda cha saruji. Mteja wa namna hiyo ana mwanasheria na mhandisi wake, na anasaini mkataba wa miaka. Hahitaji kuulizwa kama ananusa.

Kisha Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, likaanza kuingiza gesi majumbani: Mikocheni, Mlalakua, Survey, Sinza. Nyumba bado ni chache ukilinganisha na jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, lakini mwelekeo uko wazi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Huwezi kufika asilimia 80 kwa nyumba za Mikocheni peke yake. Safari ile lazima ipite Manzese, Tandale, Mbagala na Buguruni, kwenye nyumba ambazo mtu hupanga chumba, si nyumba.

Hapo ndipo ninapoona shimo, na ndilo jambo ninalotaka kulisema leo. Mfumo wetu wote wa huduma za waya na mabomba, uwe wa umeme, wa maji au wa gesi, unamtambua mteja kwa mita, na mita inamtambua mwenye nyumba. Anayepika hayumo. Tukiingiza gesi uswahilini kwa mtindo huo, kila mpango wa kumsaidia mnyonge utapita juu ya kichwa chake na kumwangukia mtu mwingine.

Tunao ushahidi tayari, upo kwenye LUKU. Shirika la umeme, TANESCO, lina kundi la bei linaloitwa D1, lililowekwa makusudi kwa ajili ya kaya za kipato cha chini: uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Ni mpango mzuri na umesaidia watu wengi. Sasa uchukue uuweke kwenye nyumba ya akina Mama Mkubwa. Vyumba saba, kila kimoja tuseme kinatumia uniti 15 kwa taa, redio, feni na kuchaji simu. Kila mpangaji mmojammoja yuko mbali sana na uniti 75. Lakini mita ni moja, na mita inaona uniti 105. Nyumba inahesabiwa ni ya mtumiaji wa kawaida, inawekwa kundi la T1, ambako uniti kwa bei zilizoanza mwaka 2016 ni shilingi 292. Mpangaji ambaye angelipa 1,500 kwa uniti zake 15 analipa 4,380. Ng'ambo ya barabara, mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake mwenyewe, mwenye gari, mara nyingi yuko kazini, anaweza kabisa kuwa D1.

Sisemi kuna mtu aliyekusudia hivyo. Waliotunga bei walifikiria kaya maskini, na kwenye karatasi kaya ina mita yake. Kwenye nyumba za kupanga za Dar kaya haina mita, ina zamu. Hili hata mpita njia angewaambia kama angeulizwa. Vivyo hivyo mwaka 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU: kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, ikabidi watu wafundishwe namna ya kudaiana wenyewe kwa wenyewe. Ni wapangaji wangapi wana ubavu wa kumwambia mwenye nyumba wao, "Baba, nikate hela hiyo kwenye kodi ya chumba"?

Na gesi ina ugumu wake wa ziada ambao umeme hauna. Umeme ukiletwa kwenye nyumba ya kupanga, waya unatambaa ukutani ukaingia kila chumba. Bomba la gesi linahitaji jiko, maana yangu chumba cha kupikia, chenye dirisha na ukuta wa kushikilia bomba. Nyumba ya wapangaji saba haina chumba hicho. Watu wanapikia koridoni, kila mmoja mbele ya mlango wake, na mvua isipokuwepo wanahamia uani. Mita itakaa wapi? Nani atalipa kupasua sakafu? Mwenye nyumba anaishi Kibaha, anakuja mara mbili kwa mwaka kuchukua kodi ya miezi sita, na gesi ikiingia faida anaipata mpangaji wakati gharama na vumbi ni vyake. Kwa hesabu yake akikataa hajakosea. Kwa hiyo ukimwita yeye peke yake kwenye mkutano kama mdau, umeshapata jibu kabla ya kuuliza.

Hata fizikia yenyewe inadai tuzungumze na mpikaji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kutuama sakafuni, ndiyo maana tumefundishwa kufungua mlango na kuangalia usawa wa miguu. Gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay ya Mtwara karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, nayo hupanda juu na kujikusanya chini ya dari. Mwanamke aliyezoea mtungi kwa miaka kumi ana mazoea yake ya usalama, na mazoea hayo yakihamishwa kama yalivyo kwenda kwenye bomba yatamdanganya. Anahitaji mtu wa kukaa naye jikoni kwake, amwonyeshe tundu la hewa linalotakiwa liwe juu, amwambie lisizibwe na kitambaa kwa sababu ya mbu. Hilo halifanyiki kwenye ukumbi wa hoteli.

Nimeshahudhuria mikutano ya wadau ya miradi mingi jijini hapa, ya maji, ya barabara, ya mifereji, na mingi inafanana. Jumanne, saa nne asubuhi. Bango la mradi limetundikwa, viti vya plastiki, maji ya chupa. Mwenyekiti wa mtaa anafungua, mtaalamu anaonyesha ramani, maswali matano, daftari la mahudhurio linazunguka watu wasaini. Saa nne ya Jumanne mama ntilie yuko kwenye sufuria zake, fundi yuko saiti, binti wa chumba cha pili yuko Kariakoo. Wanaokuja ni wenye nyumba waliostaafu, wajumbe, na vijana wachache waliosikia kuna posho. Sina ubaya nao, hata hao wana haki ya kusikilizwa. Tatizo ni kwamba ripoti itaandikwa "wananchi walishirikishwa", na idadi ya saini itawekwa kama ushahidi.

Siku hizi nikisoma ripoti ya namna hiyo natafuta sentensi moja tu: ni kitu gani kilibadilika kwenye mradi kwa sababu ya mkutano ule? Bomba lilihamishwa upande wa pili wa barabara? Malipo ya kuunganishwa yaligawanywa? Saa ya kazi ilisogezwa ili watoto wapite kwenda shule? Kama hakuna kilichobadilika, basi watu waliarifiwa. Kuarifiwa ni kitu kizuri, ila tukiite kwa jina lake.

Tusisahau kwamba kwenye gesi tumeshawahi kulipa gharama ya kutosikilizana. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka, Januari na tena Mei, watu wakisema "gesi haitoki". Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Hoja za kiuchumi za bomba kuja Dar zilikuwepo na baadaye bomba likajengwa, lakini kuna wazazi kule ambao hesabu hiyo haitawarudishia mtoto. Sisi wa Dar tunaopikia gesi hiyo tuna deni la kuhakikisha kwamba angalau huku ilikofika inamfikia mtu wa chini.

Sheria, kwa kweli, iko upande wa Mama Mkubwa. Sheria ya mwaka 2001 ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotaja wajibu wa mamlaka hiyo, inaitaka isukume upatikanaji wa huduma kwa watumiaji wote, wakiwemo wa kipato cha chini, wa vijijini na walio katika hali duni. Sheria hiyohiyo ilianzisha Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, liwe mdomo wa mtumiaji. Na kabla bei haijabadilishwa, kuna mkutano wa taftishi ambao mtu yeyote anaweza kwenda kusema. Kwa hiyo mlango wa sheria tunao. Kinachokosekana ni orodha ya watu wanaotakiwa kupitishwa kwenye mlango huo, kwa majina yao na vyumba vyao.

Hapa nitakwenda Uingereza kidogo, kwa sababu wao gesi ya bomba wameishi nayo muda mrefu na wamekosea mengi ambayo sisi hatujapata hata nafasi ya kuyakosea. Kule mabomba ya kusambaza gesi mitaani yanamilikiwa na kampuni kubwa nne: Cadent, Northern Gas Networks, SGN na Wales & West Utilities. Hizo haziuzi gesi kwa mteja, zinatunza mabomba, na mapato yao yanapangwa na mdhibiti, Ofgem. Kati ya 2013 na 2021 Ofgem iliweka motisha maalumu wa kushirikisha wadau. Kampuni ilipeleka maelezo yake, jopo huru likaisaili na kuipa alama, na iliyofanya vizuri iliongezewa mapato. Mdhibiti alikifanya kitendo cha kusikiliza watu kiwe na bei. Kipindi kilichofuata, 2021 hadi 2026, zikatengwa pauni milioni 60 kwa kampuni zote kwa ajili ya wateja walio katika mazingira magumu na kinga dhidi ya kaboni monoksaidi, fedha ambazo kampuni isipozitumia kwa kazi hiyo haibaki nazo.

Lakini pesa si kitu kilichonivutia zaidi. Kilichonivutia ni daftari. Wanalo daftari la huduma za kipaumbele ambalo mtu hujiandikisha bure: mzee, mlemavu, mwenye ugonjwa wa kudumu, mwenye mtoto mchanga, asiyejua vizuri lugha ya nchi, hata mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji na hali yake ni ya muda tu. Ukiwa humo, gesi ikikatwa kwa dharura unaletewa kitu cha kupikia na cha kuotea joto. Unaweza kukubaliana nao neno la siri, na fundi atakayegonga mlango asipolitaja humfungulii. Nilipolisoma hilo niliwafikiria vishoka wetu, wale wanaojifanya mafundi wa umeme na kuwaibia bibi zetu mchana kweupe. Kwa mgonjwa wa kusahau anayefungua gesi bila kuiwasha, wanafunga koki yenye ufunguo kwenye bomba la jiko. Ndugu anayemtunza akitoka anaifunga, akirudi anaifungua. Mzee anaendelea kukaa kwake, hapelekwi kwa watu. Ni kipande kidogo cha chuma, lakini nyuma yake kuna mtu aliyeuliza swali sahihi kwa familia sahihi.

Na bado walianguka. Mapema mwaka 2023 Ofgem iliwataka wauzaji wa nishati wasimamishe kufunga kwa nguvu mita za malipo ya kabla, baada ya kufichuka kwamba mafundi walikuwa wakiingia kwenye nyumba za watu wagonjwa na wenye ulemavu wenye madeni, kwa amri ya mahakama, na kuwafungia mita hizo katikati ya baridi. Daftari lilikuwepo. Aliyetumwa kufunga mita hakulitazama, au alilitazama akaendelea na kazi. Mtu akija hapa kutuuzia mfumo wa kompyuta wa kusajili wanyonge, tumkumbushe hilo.

Suala la mita ya malipo ya kabla linatuhusu kuliko linavyowahusu wao. Sisi tumeizoea na tunaipenda, na kwa haki: hakuna ankara ya kushtua, hakuna mtu wa kuja kukata. Umaskini wa mjini hununua kidogo kidogo, mkaa wa kopo, mafuta ya kula ya kupima. Teknolojia ya kuuza gesi ya mtungi kwa mtindo huo, ukilipia kwa simu kiasi ulichonacho, ilikuzwa hapahapa na KopaGas, na mwaka 2020 ikanunuliwa na kampuni ya Circle Gas kwa dola milioni 25. Aliyefikiria jambo hilo alikuwa amekaa na wapikaji, maana tatizo la mtungi kwa mtu wa Manzese si kwamba gesi ni ghali kuliko mkaa kwa mwezi. Tatizo ni kwamba mtungi unadai zaidi ya shilingi elfu ishirini kwa mkupuo mmoja, siku moja, na mkaa unakubali elfu moja.

Ila malipo ya kabla yana ukatili wake wa kimya. Kampuni haikukati, unajikata mwenyewe. Salio likiisha unarudi kwenye mkaa, hakuna anayejua, na kwenye takwimu unaendelea kuhesabiwa ni mtumiaji wa nishati safi. Wakati huohuo mita inajua. Mita iliyokuwa inanunua kila wiki ikikaa siku ishirini bila kununua, kuna jambo. Huenda mtu amesafiri, huenda mume amefariki, huenda mtoto amelazwa Muhimbili na hela yote inakwenda huko. Kampuni yoyote ya gesi ingeweza kesho kumpa mfanyakazi wake kazi ya kupiga simu kwenye mita zilizonyamaza na kusema, "Habari za siku nyingi, kuna tatizo?" Hiyo ingekuwa huduma ya kwanza kwa mteja aliye kwenye shida, na haihitaji mfadhili. Inahitaji tu namba iliyosajiliwa iwe ya anayepika. Leo, kwenye nyumba ya kupanga, simu hiyo ingepokelewa Kibaha.

Kwa hiyo pendekezo langu si kubwa. Kabla bomba halijachimbiwa mtaa wowote wa wapangaji, msambazaji apite nyumba kwa nyumba, jioni, akiwa na mjumbe wa shina na mhudumu wa afya wa jamii, aandike wapikaji. Mjumbe anajua vyumba. Mhudumu wa afya anajua nani yuko kwenye oksijeni, nani hasikii, nani ameanza kusahau. Orodha ya TASAF ya kaya maskini itasaidia lakini haitoshi, maana unyonge kwenye gesi si umaskini peke yake. Mama Mkubwa hayumo TASAF. Ana watoto wanaomtumia hela kila mwezi. Kinachomweka kwenye hatari ni pua.

Najua swali litakalofuata: orodha ya wagonjwa mtaani, itatunzwa wapi? Ni swali la haki kabisa. Tunajua ofisi za serikali za mitaa zilivyo, karatasi zinabandikwa ukutani na kila anayekuja kugonga muhuri anasoma. Tunayo sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozipa ulinzi mkubwa zaidi. Orodha ikae kwa msambazaji, kwenye chumba cha dharura, iandikwe kwa ridhaa ya mhusika, na ieleze anachohitaji badala ya anachougua. "Hasikii harufu, afungiwe king'ora" inatosha. Hakuna haja ya kuandika aliugua nini.

Wapo watakaosema TPDC bado inahangaika na kueneza mabomba, wateja wenyewe hawajawa wengi, haya mambo ya daftari ni ya nchi tajiri. Nadhani ni kinyume chake. Wenzetu walilazimika kutafuta wanyonge ndani ya mamilioni ya nyumba zilizokwisha kuunganishwa. Sisi tunaanza. Kumwandika mtu siku unayomfungia bomba ni gharama ya dakika kumi. Kumtafuta baada ya miaka ishirini ni mradi wa mabilioni. Hospitali zetu za umma zimeweza kuweka dirisha la wazee bila kusubiri tutajirike.

EWURA nayo ina nyenzo mkononi. Msambazaji anapokuja kuomba bei, aulizwe kwa maandishi: mlisikia nini kwa wapikaji, mkabadilisha nini, mlikataa nini na kwa sababu gani. Majibu yasomwe kwenye taftishi, kwa Kiswahili, mbele ya watu walewale. Na taftishi moja kati ya hizo ifanyike Jumapili jioni, Manzese au Mbagala, uwanjani. Waendesha bajaji walipobanwa na uchache wa vituo vya gesi ya magari, jiji zima lilijua, kwa sababu foleni yao pale Ubungo ilionekana barabarani. Mpikaji foleni yake haionekani. Yuko koridoni kwake, ameinama.

Mwezi uliopita binti wa chumba cha pili alihama. Amepata chumba Mbagala, karibu na kazi mpya. Chumba chake ameingia kijana anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, mstaarabu, anamwamkia Mama Mkubwa kila akikutana naye. Nilikwenda nikamnunulia Mama Mkubwa king'ora kidogo cha gesi, nikakifunga chini karibu na mtungi, nikamwonyesha namna kinavyolia. Akasikiliza, akaniuliza, "Na hilo bomba likija, mwanangu, hiki nitakipandisha juu?" Nilimweleza kwamba ndiyo, kipandishwe mpaka karibu na dari. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, aibandike ukutani, ili mpangaji atakayekuwepo siku hiyo amsaidie.